Maneno Katika Safu Moja

Mwanafunzi wa Kiingereza, akisha kuvuka nyakati za vitenzi na kuizoea tahajia ambayo haiafikiani na matamshi, hukutana na kanuni moja ambayo walimu huipitia kwa haraka na vitabu vya sarufi huipa kurasa chache tu, nayo ni kwamba mambo yaliyounganishwa pamoja katika sentensi sharti yavae umbo moja: jina lifuatane na jina, kitenzi kifuatane na kitenzi cha namna yake, na kishazi kifuatane na kishazi kilichojengwa kama chenyewe. Kanuni hiyo huitwa usambamba. Mwanafunzi huandika mfano mmoja wa kosa na mfano mmoja wa sawa, hujibu maswali ya mtihani, na tangu siku hiyo hulihesabu jambo lenyewe miongoni mwa mambo ya unadhifu, jirani wa mkato na nukta. Mimi naona kuwa amedhulumiwa. Mtu apangaye mambo mawili katika safu moja ameshatoa ushahidi juu yake, hata kama hakukusudia: amemwambia msomaji kuwa mambo hayo ni ya daraja moja, yafaa kutazamwa kwa jicho moja na kupimwa kwa kipimo kimoja. Ushahidi huo waweza kuwa wa haki, na waweza kuwa wa uongo. Na kwa kuwa umetolewa na umbo la sentensi wala haukutamkwa kwa ulimi, msomaji huupokea bila ya kuutaka kiapo.

Jina la usambamba lina tarehe ambayo ni aula kuisimulia, maana mtu aliyelieneza alikuwa na kazi mbili ambazo ni nadra kudhaniwa kuwa zilitoka katika kalamu moja. Robert Lowth alizaliwa mwaka 1710 katika mji wa Winchester, Uingereza, akawa kasisi, na mwaka 1741 akapewa kiti cha ualimu wa ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Huko alitoa mihadhara 34, kwa lugha ya Kilatini kama ilivyokuwa ada ya chuo, juu ya ushairi mtakatifu wa Waebrania, na mihadhara hiyo ikapigwa chapa mwaka 1753. Mushkili uliomshughulisha haukuwa mdogo. Zaburi, na maneno ya Isaya, na Mithali za Suleimani, vilijulikana kuwa ni ushairi. Walakini hapana aliyeweza kuonyesha vina vyake, na mizani yake, kama ilipata kuwapo, ilikuwa imepotea pamoja na matamshi ya kale. Basi ushairi huo umekaa wapi? Lowth alijibu kwamba umekaa katika viungo vya maana: kauli ya kwanza husema jambo, na kauli ya pili hulijibu, ama kwa kulirudia kwa maneno mengine, ama kwa kulikabili na kinyume chake, ama kwa kulisukuma mbele katika umbo lile lile. Akayaita hayo kwa Kilatini usambamba wa viungo, akayagawa mafungu matatu. Wanazuoni wa Kiyahudi wa Andalusi, mathalani Abraham ibn Ezra katika karne ya 12, walikuwa wameshatambua kwamba manabii hurudia maana moja kwa maneno mawili; Lowth ndiye aliyeitwaa hali hiyo akaifanya nguzo ya jengo zima.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1762, mtu huyo huyo alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza, kikasomwa na vizazi vya wanafunzi, naye akaendelea kupanda ngazi za kanisa hata akawa Askofu wa London mwaka 1777. Sarufi hiyo ilikuwa na tabia ya ujasiri ambayo sina budi kuikubali hata pale inaponichosha: chini ya kurasa zake Lowth aliwakamata makosani watu ambao wengine waliwainamia, akina Shakespeare, Milton na Swift, na hata wafasiri wa Biblia hawakusalimika. Napenda kumfikiri katika chumba chake cha kusomea, asubuhi akihesabu viungo vya Isaya kwa taadhima, na jioni akimkosoa Milton kwa kiwakilishi kilichopotea njia.

Kiingereza, hata hivyo, kilikuwa kimeshaupata usambamba wa Kiebrania muda mrefu kabla ya Lowth kuupa jina. Wafasiri wa Biblia iliyotolewa kwa amri ya Mfalme James mwaka 1611 hawakuijua nadharia hiyo, kwani ilikuwa bado miaka 142 kutangazwa; walichokuwa nacho ni hofu ya kuliondoa neno takatifu mahali pake. Kwa kuwa walifuata maandiko ya asili kiungo baada ya kiungo, umbo likavuka pamoja na maana bila ya wao kulikusudia. Na hili ni jambo la kutafakari sana, kwamba katika mapambo yote ya ushairi, kina hufa mpakani, mizani hufa mpakani, na mlio wa herufi zinazofanana hauna hata tamaa ya safari. Safu ya maana peke yake ndiyo inayosafiri. Ndiyo sababu msomaji wa Zaburi katika tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania, huzisikia zile kauli mbili mbili zikijibizana kama pande mbili za waimbaji.

Kwa muda wa karne tatu, kila Jumapili, seremala na mkulima na hakimu wa Uingereza walikaa katika viti vya mbao wakasikiliza lugha hiyo ikisomwa kwa sauti, hata sikio la taifa likafinyangwa nayo. Wanasheria wakahoji kwa safu, wabunge wakagombana kwa safu, na watu ambao hawakupata kukanyaga darasa la balagha wakaandika barua za mapenzi kwa safu. Mmarekani Walt Whitman alipotoa kitabu chake cha mashairi mwaka 1855, yasiyo na kina wala mizani ya kuhesabika, alichokitegemea ili mashairi hayo yasianguke kilikuwa ni usambamba huu huu, msitari juu ya msitari ukianza kwa namna moja. Na wale wa kwetu ambao huona kwamba pasipo vina hapana ushairi, wangefanya vema kumtazama kabla ya kutoa hukumu, ijapokuwa mimi mwenyewe sikio langu bado lina mapenzi na vina.

Lakini turejee kwenye kanuni yenyewe. Chukua sentensi hii, ambayo imejengwa vibaya kwa makusudi: "The messenger was told to sweep the office, filing the letters, and that he should lock the door." Tarishi ameambiwa kazi tatu: kufagia ofisi, kupanga barua, na kufunga mlango. Kazi zote ni za daraja moja, zote zimetoka katika kinywa cha bwana mmoja, na zote zamngoja tarishi mmoja; ila mwandishi amezivisha mavazi matatu, ya kwanza kitenzi kinachotanguliwa na "to", ya pili jina la kitenzi liishialo kwa "-ing", na ya tatu kishazi kizima chenye mtenda wake. Msomaji afikapo kwenye neno la pili hudhani kwamba upangaji wa barua ni hali inayoambatana na ufagiaji, yaani tarishi afagie huku akipanga. Afikapo kwenye la tatu hulazimika kurudi nyuma kutafuta kile kitenzi kilichobeba amri. Ukiandika "to sweep the office, to file the letters and to lock the door", hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa katika kazi za tarishi, walakini msomaji amepumzika. Msomaji wa sentensi ndefu hana tofauti na mchukuzi wa maji wa zamani mwenye mzega begani, ambaye debe moja likijaa na jingine likipungua hasimami kuuliza ni lita ngapi zimekosekana. Huenda upande tu, na maji hummwagikia.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu makhsusi ya kujikwaa hapa. Katika lugha yetu umbo la "kufagia" hufanya kazi mbili bila ya kulalamika: ndilo aambiwalo mtu alitende, na ndilo jina la tendo lenyewe, hata tukasema kwamba kufagia ni kazi nzuri na kwamba kufagia kwake kunapendeza. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo baina ya maumbo mawili, na kila kitenzi kinachotangulia huchagua kipendacho, vingine vikikubali yote mawili na vingine vikikataa moja kwa ukali usioelezeka. Kwa hiyo mwanafunzi wetu aandikapo kwamba mtu fulani anapenda kusoma, kuandika na kuogelea, huwa na neno moja moyoni mwake, na kwa kutojua hulitoa mara ya kwanza kwa umbo hili na mara ya pili kwa umbo lile. Mwalimu aliyezaliwa katika Kiingereza humwona kuwa ni mzembe. Wala si uzembe. Ni utajiri wa ku- yetu unaomponza.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Kiswahili fasaha huruhusu, na mara nyingi hupendelea, kile ambacho sarufi ya Kiingereza ingekiita kosa. Twasema: "Mzee alifika na kuketi na kuagiza kahawa." Kitenzi cha kwanza kimebeba mtenda na wakati, vile viwili vinavyofuata vimevuliwa vyote, vimebaki na ku- peke yake. Mwanasarufi wa Lowth akiitazama sentensi hiyo kwa miwani yake angesema kwamba viungo havilingani. Sikio letu haliudhiki hata kidogo, kwa sababu kitenzi cha kwanza kimetandaza kivuli chake juu ya wafuasi wake, na ile ku- ni alama ya ufuasi. Lakini twaweza pia kusema: "Mzee alifika, akaketi, akaagiza kahawa", na hapo kila tendo limesimama kwa miguu yake, tukio baada ya tukio, kila moja likidai dakika yake. Maana za sentensi hizi mbili hazitofautiani kwa hesabu ya matendo. Hutofautiana kwa cheo cha matendo. Katika ya kwanza, kufika ndilo jambo, na mengine ni mkia wake. Katika ya pili, mambo ni matatu. Msimulizi hodari huijua tofauti hiyo hata kama hajapata kuisoma popote, naye hutumia ku- pale atakapo kupita upesi na -ka- pale atakapo tukae naye. Basi kanuni ya Waingereza na ada yetu zinakutana katika jambo moja la msingi, kwamba umbo hutoa habari ya cheo.

Makosa ya kweli ya usambamba tunayo pia, wala tusijidanganye. "Mwalimu aliwataka wanafunzi wawe watulivu, kufika kwao mapema, na kwamba kazi ifanywe kwa uangalifu." Maneno ya namna hii hubandikwa ukutani kila siku, na hakuna ada ya ku- itakayoyaokoa; ilitosha kusema kwamba aliwataka wawe watulivu, wafike mapema, na wafanye kazi kwa uangalifu. Nadhani sababu ya kosa hili kutotuumiza sana ni kwamba upatanisho wa ngeli umetulemaza. Mtu asemapo vitabu vizuri, vipya, vyenye picha na vya bei rahisi, ile vi- yenye kujirudia hupiga mlio wa utaratibu katika kila neno, nasi twatulia tukidhani kwamba utaratibu wa fikra umeshapatikana, ilhali kilichopatikana ni mlio. Kiingereza hakina bahati hiyo, au hakina kishawishi hicho. Mwandishi wake hana budi kuitengeneza safu kwa mikono yake.

Sikio la pwani, hata hivyo, limelelewa na mwalimu mwingine ambaye si Lowth. Waarabu waliifanya elimu ya mapambo ya lugha, waiitayo badii, kuwa fani yenye vitabu na istilahi zake tangu karne ya tatu ya Hijra. Kitabu cha mwanzo kilichopewa jina la elimu hiyo kiliandikwa mwaka 274 wa Hijra na Abdallah ibn al-Mutazz, mwana wa khalifa, mshairi, ambaye mwaka 908 wa Miladi alitawazwa kuwa khalifa huko Baghdad, akakaa katika utawala huo kwa siku moja tu, kisha akauawa. Na sijui kama kuna mwandishi mwingine wa balagha aliyelipwa vibaya kuliko yeye. Miongoni mwa milango ya elimu hiyo, mmoja huitwa mukabala: msemaji hutaja maana mbili au zaidi, kisha huzileta kinyume chake kwa mpangilio ule ule, tajiri na furaha yake, kisha masikini na huzuni yake, pasi kuchanganya wa kwanza na wa pili. Mtu aliyekulia karibu na msikiti ambamo khatibu hupanda mimbari kila Ijumaa hahitaji kuelezwa kwamba kauli zikilingana urefu na miisho huingia moyoni kwa mlango ambao hoja tupu haiujui.

Na zaidi ya mimbari kuna methali, ambazo ni chuo cha usambamba kisicho na ada. "Usipoziba ufa utajenga ukuta": vitenzi viwili, kila kimoja na shamirisho lake, na mashamirisho yote mawili ya ngeli moja yenye u- mwanzoni, hata macho huona kwamba ukuta umeota mahali pa ufa. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa": watu wawili wameitwa kwa jina la namna moja, wamesimama huku na huku, na kati yao ni kutojuana tu. Mshairi wetu naye huukata mshororo wake vipande viwili, ukwapi na utao, na aghalabu kipande cha pili huja kukijibu cha kwanza. Mtoto aliyeyasikia haya tangu utotoni ameshajua zaidi ya nusu ya somo la Kiingereza kabla ya kufungua kitabu, naye hafundishwi kwamba anajua.

Hatari ya jambo zuri ni kupendwa kupita kiasi. Mwaka 1578 John Lyly alitoa hadithi iitwayo Euphues, ambayo karibu kila sentensi yake ina viungo vinavyolingana kwa idadi ya maneno, kwa mahali pa maneno, na hata kwa herufi za mwanzo wa maneno. Wakuu wa baraza la Malkia Elizabeth wakaigeuza kuwa lugha ya mtindo. Mtu akisoma ukurasa mmoja hustaajabu. Akisoma kurasa kumi hutamani kukutana na sentensi moja iliyovaa kanga ya kushindia. Shakespeare alikuja kuidhihaki lugha hiyo katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry IV, akamfanya yule mnene Falstaff, aliyejitia ufalme ndani ya kilabu cha pombe, aseme kwa mizunguko na milinganyo ya Lyly, na wasikilizaji wakacheka.

Dokta Samuel Johnson ni habari nyingine, na napenda nimsemee. Magazeti yake ya The Rambler, matoleo 208, mawili kwa juma tangu mwaka 1750 hata 1752, yameandikwa kwa nathari ambayo kila wazo lina mwenzake wa kulipima. Johnson alikuwa mtu wa kutia shaka katika kila furaha, na sentensi yake yenye pande mbili ni sura ya akili iliyokataa kuliacha jambo liende bila ya kulisikiliza upande wake wa pili. Alipowalinganisha washairi Dryden na Pope, ile safu ndefu ya huyu na yule haikuwa pambo. Ndiyo hukumu yenyewe, maana hapana njia nyingine ya kuwatendea insafu watu wawili waliosimama mbele yako ila kuwauliza maswali yale yale kwa taratibu ile ile. Lakini Thomas Macaulay, alipoandika juu yake mwaka 1831, alimshtaki kwamba alizizoea kauli za kukabiliana hata akazitumia pale ambapo fikra zenyewe hazikabiliani. Shtaka hilo ni zito, na kwa baadhi ya kurasa ni la kweli. Ajabu ni kwamba Macaulay mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo huo, naye hakuuona katika kioo.

Katika karne ya 20 maradhi ya waandishi wengi yaligeuka. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika kijitabu cha kanuni za uandishi alichokitoa mwaka 1918 kwa ajili ya wanafunzi wake, aliona kwamba mwandishi asiye hodari hukimbia umbo moja kwa kudhani kuwa ni lazima abadilishe daima namna ya kusema. Akamtaka avishe mambo yaliyo sawa maumbo yaliyo sawa, na kwa mifano akataja Amri Kumi, na zile kauli za heri za Mlimani, na Sala ya Bwana. Tazama jinsi njia ilivyozunguka: kitabu cha darasani cha Marekani, kisicho cha dini, kilipotaka kuonyesha sarufi nzuri kilirudi palepale alipokuwa ameketi Lowth. Hofu hiyo ya kurudia wanayo hata wanafunzi wetu, na sina hakika kwamba sisi walimu hatukuwatia. Tumewaambia wasirudie neno, nao wakaelewa kwamba wasirudie umbo. Basi mtu aliyeitwa daktari katika sentensi ya kwanza huitwa tabibu katika ya pili na mganga katika ya tatu, hata msomaji huhesabu watu watatu chumbani.

Ushahidi wa haki waweza kuonekana katika hotuba aliyoitoa Abraham Lincoln huko Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863, mahali ambapo majeshi mawili ya Wamarekani yalikuwa yameuana siku tatu mwanzoni mwa Julai. Kabla yake alisema Edward Everett, msemaji mashuhuri wa zama hizo, kwa muda wa saa mbili. Lincoln alisema maneno kama 270. Mtu huyu, ambaye masomo yake yote ya darasani yakijumlishwa hayatimizi mwaka mmoja, alikuwa ameilea akili yake kwa Biblia ya mwaka 1611 na kwa Shakespeare. Katikati ya hotuba anakiri mara tatu, kwa umbo lile lile, kwamba walio hai hawawezi kuitakasa ardhi hiyo, na vitenzi vyake vitatu vinakaribiana maana kama viungo vya Zaburi, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake. Mwishoni anawataja watu mara tatu, na kinachobadilika ni kile kineno kidogo tu kinachotangulia: serikali iliyotoka kwao, iendeshwayo nao, iliyopo kwa ajili yao. Toa kiungo kimoja uone. Serikali yaweza kutoka kwa watu na isiendeshwe nao. Yaweza kuendeshwa nao na isiwafae. Viungo vitatu, madai matatu, na kila dai lina uzito wake. Safu imesema kweli kwamba mambo haya ni ya daraja moja. Everett mwenyewe alimwandikia Lincoln siku ya pili yake kumkubalia kwamba alilikaribia kusudi la siku ile zaidi kwa dakika mbili kuliko yeye kwa saa mbili.

Na ushahidi wa uongo? Kwa huo nachagua kitabu ambacho sisi tunacho kwa lugha yetu, kwani Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alikifasiri na kikatoka mwaka 1963, kisha akakirekebisha na kukitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kaizari ameshauawa. Brutus, aliyekuwa rafiki yake na mmoja wa wauaji wake, anapanda mimbari kuwaeleza watu wa Roma, na Shakespeare, ambaye amewapa watu wakubwa wa tamthilia hiyo mashairi, hapa anampa Brutus nathari tupu. Nathari hiyo imepangwa kwa usawa usio na ufa. Anawataka wamwamini kwa ajili ya heshima yake, na waiangalie heshima yake ili wapate kumwamini. Na kauli hizo zimelingana kwa uzuri hata msikilizaji hatambui kwamba amezungushwa katika duara lisilo na mlango.

Kisha anazihesabu sababu zake. Kaizari alimpenda, naye amlilia. Kaizari alikuwa na bahati, naye aifurahia. Kaizari alikuwa shujaa, naye amtukuza. Kaizari alikuwa na tamaa ya ukubwa, naye amemuua. Halafu anairudia safu nzima kwa ufupi, machozi kwa mapenzi, furaha kwa bahati, heshima kwa ushujaa, mauti kwa tamaa. Naomba msomaji asimame hapa, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo hila ya safu imefunuliwa kwa uwazi kama huu. Mambo matatu ya kwanza yanajulikana na mji mzima: mapenzi yalionekana, bahati ilionekana, ushujaa ulionekana katika vita. La nne ni tuhuma. Hakuleta shahidi, hakuleta barua, hakutaja siku wala tendo. Alichofanya ni kuiweka tuhuma mwishoni mwa safu ya mambo yaliyothibiti, ikaazima uthabiti wa mambo hayo. Na upande wa pili wa kila kiungo una hila nyingine kama hiyo, maana kulia, kufurahi na kutukuza ni mambo ya moyoni ambayo mtu huyafanya na kurudi nyumbani kula, ilhali la nne ni kisu. Lakini kwa kuwa limekuja kwa umbo lile lile, limepita kana kwamba ni hali mojawapo ya moyo. Neno moja dogo la kukabili limewekwa kabla yake, na hilo nalo limefunikwa na mwendo wa sentensi.

Baada ya hapo anauliza maswali matatu, yote ya umbo moja. Ni nani hapa aliye duni hata apende utumwa? Ni nani aliye mshenzi hata akatae kuwa Mrumi? Ni nani aliye mwovu hata asiipende nchi yake? Kila swali linafuatwa na mwaliko ule ule, kwamba kama yupo na aseme, maana huyo ndiye aliyekosewa. Yeyote atakayefungua kinywa kumtetea marehemu atakuwa amejiandikisha katika mojawapo ya milango hiyo mitatu. Brutus anangoja jibu. Wote wanajibu kwamba hayupo, naye analihesabu jibu lao kuwa ni hukumu ya kumwachilia huru.

Mark Antony, rafiki wa Kaizari, atakapokuja kusema baada yake, hatagusa viungo vitatu vya mwanzo. Atakishika cha nne peke yake, ataking'oa katika safu, na atakiweka kando ya mambo yanayoonekana: fidia za mateka zilizojaza hazina ya mji, machozi ya Kaizari kwa ajili ya masikini, na taji aliyoikataa mara tatu. Baada ya kila jambo atarudia kwa upole kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, hata sifa hiyo igeuke kuwa tusi. Lakini kabla Antony hajasema, wakati wananchi wangali wamelewa mlio wa sentensi za Brutus, Shakespeare anaturuhusu kusikia walichokielewa. Wamesikilizishwa hotuba nzima juu ya ubaya wa mtu mmoja kutaka kuwa mkubwa wa wote. Mmoja anapaza sauti kwamba Brutus apelekwe nyumbani kwa shangwe. Wa pili anataka achongewe sanamu isimame pamoja na wazee wake. Na wa tatu, kwa moyo mweupe kabisa, anatoa rai kwamba Brutus ndiye afanywe Kaizari.